Uliza Fundi: Upinde Umepasuka, Mshale Unakwenda Kushoto

Habari zenu wasomaji. Toleo lililopita tuliandika kuhusu fimbo za mkole, zile ambazo kijana wa Kigogo akienda kuchunga haziachi nyumbani, na tukagusia tu kwa sentensi moja kwamba mti huohuo unatoa upinde mzuri. Basi barua zilizokuja ni za upinde tupu, Manyoni, Kondoa, Mpwapwa, hapa mjini, kwa hiyo maswali ya milango na makabati tumeyaweka pembeni mpaka mwezi ujao, wenye makabati tuvumiliane.

Fundi shikamoo. Nasoma hapa UDOM. Likizo nilikata tawi la mkole kwetu Bahi, nikalimenya ganda nikaliweka juu ya bati wiki mbili likauke, nikachonga upinde unaonifika kifuani. Umepiga vizuri sana mwanzoni, halafu juzi nimeuvuta ukalia pa! ukapasuka kati ya kishikio na ncha ya chini, upande wa nje. Mti ulikuwa mgumu kabisa. Nimekosea wapi? — Mwanafunzi, Dodoma mjini

Marahaba mwanangu. Mkole hauna kosa hapo, ni mti mzuri, una nyuzi ndefu na unapinda bila kulalamika, ndo maana watu wa kanda hii yote mpaka kule bonde la Eyasi wanatumia miti ya jamii hiyo kwa pinde na mishale. Nikisoma barua yako naona mambo manne na yote yanawapata wengi kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

La kwanza ni bati. Mwezi wa saba Dodoma hakuna mvua, upepo mkavu unapiga mchana kutwa, bati lenyewe unajua linavyokuwa saa saba. Ukiweka mti mbichi pale, nje kunakauka haraka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji, kwa hiyo ngozi ya mti inajivuta na kuchanika vipasuko vidogo vidogo ambavyo jicho halivioni, wewe unachonga unapiga msasa unaona uko safi kumbe ufa umeshalala humo unasubiri siku yake. Mti wa upinde unakaushwa kivulini na polepole. Ukishakata, siku hiyohiyo paka rangi au gundi ya mbao kwenye ncha zote mbili, maana mti unapotezea maji mengi kwenye ncha kuliko ubavuni. Kama gogo ni nene lipasue katikati kwa kabari upate vipande viwili, linakauka vizuri zaidi na moyo wa mti unatoka. Kisha weka darini au uvunguni mwa kitanda, sehemu hewa inapita ila jua halifiki, miezi mitatu minne hivi kwa kipande kilichopasuliwa. Njia ya kujua umekauka ni mizani: pima kila wiki uandike, uzito ukiacha kushuka ndo tayari. Mafundi wa pinde duniani kote wanataka mti ubaki na maji kama asilimia 8 mpaka 10. Ukibaki na zaidi ya hapo upinde utakuwa mvivu na utabaki umepinda hata ukiufungua kamba, ukishuka sana chini ya hapo unakuwa kama tambi mbichi, na kwa hali ya hewa yetu hili la kukauka kupita kiasi ndo la kuogopa, hasa mwezi wa tisa na wa kumi.

La pili, umesema umepasuka upande wa nje. Upinde una mgongo na tumbo, mgongo ni ule upande unaoangalia shabaha, tumbo ni upande unaokuangalia wewe. Ukivuta, mgongo unanyooshwa na tumbo linakandamizwa. Sasa nyuzi za mti zikikatwa mgongoni, hata kwa panga kidogo tu, pale ndo pa kufa. Mgongo hauchongwi! Unamenya ganda taratibu, unaacha ule uso wa mti ulivyo na mawimbi yake na vifundo vyake, kifundo ukikikuta unakizunguka na kukiachia nyama, husawazishi ili kupendeza. Kazi yote ya shoka, tupa na randa inafanyika tumboni na ubavuni. Watu wengi waliozoea kuchonga mipini ya majembe wanalainisha pande zote kwa sababu mpini ni lazima ukae vizuri mkononi, ila upinde hauko hivyo.

La tatu urefu. Upinde wa kifuani kwa mtu wa kimo cha kawaida ni kama mita moja na robo. Wewe mkono wako ukivuta mpaka shavuni unavuta sentimita 65 au 70. Hesabu ya kienyeji ni kwamba upinde wa mti mtupu usipungue mara mbili ya mvuto wako, halafu uongeze kidogo kwa ajili ya kishikio ambacho hakipindi, kwa hiyo wewe ulihitaji kama sentimita 165 mpaka 170, yaani unakaribia kimo chako mwenyewe. Angalia picha za Wahadzabe, pinde zao ndefu vile si kwa urembo, urefu ndo unaoupa mti nafasi ya kupinda bila kuumia.

Na la nne, ambalo ndo roho ya kazi yenyewe, ni kusawazisha mikono ya upinde. Umevunjikia mkono wa chini sehemu moja, maana yake pale palikuwa pembamba kuliko kwingine na mzigo wote ulikuwa unakwenda pale. Ujue hivi, ukipunguza upana wa mti nusu unapunguza ugumu nusu, lakini ukipunguza unene nusu ugumu unabaki sehemu moja kati ya nane. Moja ya nane mwanangu. Kwa hiyo milimita moja ya unene uliyoikwangua kwa haraka inabadilisha upinde mzima. Piga kigingi ukutani, laza kishikio juu yake, funga kamba ndefu ncha kwa ncha kisha vuta chini kidogo kidogo huku umesimama mbali uone mikono inavyopinda. Mkono mmoja ukiwa mgumu kuliko mwenzake, kwangua tumbo la ule mgumu. Sehemu ikipinda kama kiwiko, hapo usiguse tena kabisa, kwangua pembeni yake pande zote mbili. Kipande cha chupa au kisu butu kinafaa kuliko tupa ukifika mwishoni. Kila ukikwangua vuta mara ishirini thelathini mti uzoee, ndo uangalie tena. Na usiuvute kupita uzito unaoutaka (uzito wa upinde ni nguvu ya kuuvuta, siyo uzito wa mti wenyewe) eti unajaribu, maana mti ukishaumia haurudi.

Ukianza upya, anza na uzito mdogo, kilo 12 mpaka 14 kwenye mvuto wako wote. Mizani ya ndoano ile ya wauza samaki inatosha kupimia. Upinde mwepesi uliosawazika vizuri utakufundisha kupiga, ule mzito utakufundisha kutetemeka tu.

Fundi, babu yangu alikuwa Msandawe wa huku Kwa Mtoro na alilisha familia kwa upinde. Mimi nimerithi upinde wake na najua kidogo. Huku porini kwetu kanga wamejaa na digidigi tunapishana nao njiani. Je, nikiwinda kwa upinde wa asili kwa ajili ya kula nyumbani tu, siuzi, serikali inaruhusu? Mbona Wahadzabe wanawinda? — Mjukuu wa mwindaji, Chemba

Kaka, nakujibu moja kwa moja: usiende bila kibali. Upinde wa asili haukuondolei sheria. Wanyamapori wote nchi hii ni mali ya umma chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na sheria haiulizi umetumia bunduki au mshale, wala haiulizi ulikuwa unauza au unapeleka jikoni. Kanga wa porini yumo, digidigi yumo. Hata akiingia kwenye shamba lako la mtama bado siyo wako. Kukutwa na nyama au ngozi bila kibali ni kukutwa na nyara za Serikali, na kesi hizo zinaweza kumpeleka mtu kifungo cha miaka 20 mpaka 30, sisemi kukutisha, zimejaa kwenye mahakama zetu, na wengi waliofungwa ni watu wa kipato kidogo waliodhani mnyama mmoja mdogo hana shida.

Halafu wewe uko Chemba, pori la akiba la Swagaswaga liko mlangoni kwako, na Kondoa kuna la Mkungunero. Ndani ya mapori ya akiba na hifadhi za taifa hata hiyo silaha yenyewe ni kosa, yaani ukikutwa umebeba upinde na mishale bila ruhusa unashtakiwa kwa kuwa na silaha humo hata kama hujapiga kitu. Kwa hiyo ukisafiri na upinde wa babu usikatishe huko. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, muulize vibali vya wenyeji vikoje msimu huu na mnyama gani, yeye ndo anayejua, na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ndo wenye mapori ya akiba. Ukipewa jibu la hapana basi ni hapana. Na kama hamu ni nyama ya porini, siku hizi kuna mabucha ya nyamapori yenye kibali.

Kuhusu Wahadzabe, hali yao haifanani na yetu. Wale ni watu wachache sana, ni kama elfu moja na kitu, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda Chini, na miongoni mwao wapo ambao mpaka leo chakula chao kinatoka porini, nyama, asali, mizizi, ubuyu. Serikali imekuwa ikiwaachia wawinde kwa riziki kwenye maeneo yao, na mwaka 2011 wale wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao. Mimi na wewe tuna mtama, tuna mbuzi, tuna duka la jirani. Na ukweli mwingine ambao lazima tuuseme ni kwamba babu yako aliwinda kwenye pori ambalo halikuwa na watu wengi hivi wala mashamba mengi hivi. Wanyama wamebanwa.

Ila nisikuache hivyo. Inaniuma sana nikisikia upinde wa mzee umetundikwa ukutani unaliwa na mchwa kwa sababu tu kijana ameambiwa kuwinda ni kosa. Kupiga shabaha siyo kosa! Tena Wasandawe ni kati ya watu waliosifika kwa mishale kanda hii, kipaji hicho hakihitaji damu ili kiishi. Tengeneza umbo la digidigi kwa magunia, jaza majani makavu yakazwe, liweke kwenye vichaka nyuma ya kichuguu kikubwa ili mshale ukipita uzamie udongoni, kisha jifunze kunyemelea. Ukiweza kulifikia hatua kumi na tano bila kukanyaga kijiti kikalia, halafu ukapiga nyuma ya bega mara tano mfululizo, utakuwa umemwelewa babu yako. Maana mshale hauui kwa kishindo kama risasi, unaua kwa kukata na kutoa damu, ndo maana wawindaji wa upinde wa mti, wa hapa na wa Ulaya, wote wanasogea karibu, mita 20 au pungufu, na wakiona pembe ni mbaya wanaacha mnyama aende. Hiyo ya kuacha ndo ngumu kuliko kupiga.

Na ule upinde wa babu usiuvute kwa nguvu. Mti uliokaa miaka bila kazi unavunjika. Upake mafuta, utundike kivulini bila kamba, uchukue vipimo vyake vyote, urefu, upana kila baada ya kiganja, unene, kisha uchonge ndugu yake.

Mambo vipi fundi. Mimi na mshkaji wangu tumebishana. Yeye anasema pinde za Waingereza wa zamani ndo zilikuwa kali kuliko zote duniani, mimi nasema Mhadzabe hakuna wa kumfikia. Tuamulie. — Mbishi, Manyoni

Poa sana. Wote mna hoja ila mnalinganisha kazi mbili tofauti.

Mwingereza wa miaka ya 1300 na 1400 alikuwa na upinde wa vita. Ulitengenezwa kwa mti wa Ulaya unaoitwa yuu, ambao una rangi mbili, weupe wa nje unavumilia kunyooshwa na wekundu wa ndani unavumilia kukandamizwa, yaani mti wenyewe umeshajigawa mgongo na tumbo. Ushahidi mkubwa tulionao ni meli ya Mary Rose ya Mfalme Henry wa 8, ilizama mwaka 1545 kwenye vita na Wafaransa, ikaibuliwa 1982, ndani yake wakakuta pinde nzima zaidi ya 130 na mishale zaidi ya 3,500. Pinde ni ndefu kwelikweli, karibu zote zinazidi mita 1.8, na waliozipima wanakadiria zilivutwa kwa kilo 45 mpaka 80 na zaidi. Kilo 80 kwa vidole vitatu! Baadhi ya mifupa ya mabaharia ilikuwa na alama mabegani ambazo wataalamu wanazihusisha na kuvuta pinde nzito tangu utotoni. Mzigo ule ulikuwa kwa ajili ya kurusha mshale mzito mbali sana juu ya jeshi lililovaa chuma, wapiga mishale maelfu wamesimama mstari, kama ilivyokuwa Crécy 1346 na Agincourt 1415. Hapo hulengi mtu mmoja.

Mhadzabe yeye yuko peke yake au na mwenzake, anatafuta chakula. Upinde wake kwa wastani unavutwa kilo 30 na kidogo, zingine zinapita 40, na hiyo siyo ndogo hata kidogo, mwite bondia yeyote wa mtaani kwenu ajaribu kuuvuta mpaka shavuni uone. Kamba yake ni kano za mnyama zilizosokotwa. Vigumba vya chuma, yaani ncha za mishale, anapiga mwenyewe kutoka kwenye misumari au anabadilishana na wafua chuma wa Kidatoga kwa nyama na asali, na kwa ndege wadogo anatumia mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha. Kwenye kunyemelea, kusoma nyayo, kungoja usiku kwenye kisima cha maji wakati wa kiangazi, hapo nakupa wewe ushindi.

Na ongeza hii kwenye ubishi wenu. Mwaka 1911 kule California alitokea porini mzee mmoja aliyeitwa Ishi, wa mwisho wa watu wake Wayahi, wengine wote walikuwa wameuawa au wamekufa. Daktari aliyekuwa anamtibu, Saxton Pope, akajifunza kwake kutengeneza na kupiga upinde mpaka Ishi alipofariki 1916. Pope na rafiki yake Art Young ndo waliofufua uwindaji wa upinde kwa Wamarekani, na mwaka 1925 walikuja hapa Tanganyika kuwinda simba kwa pinde za mti, wakiwa na bunduki pembeni ya kuwalinda. Kwa hiyo upinde wa Mmarekani mwenye asili ya kule ulimfundisha daktari, daktari akauleta Tanganyika ambako watu walikuwa na pinde zao tangu zamani wala hawakuwahi kuziacha. Mimi nikifikiria habari ya Ishi nakosa amani kabisa, mtu mmoja amebeba ujuzi wa kabila zima kichwani na ukabaki kwa sababu tu daktari wake aliuliza maswali. Wazee wa Farkwa na Kwa Mtoro bado wapo, waulizeni.

Shikamoo. Kijana wangu ana miaka 11, ameacha manati sasa ameshika upinde, anaweka msumari mbele ya mshale. Juzi amempiga mbuzi wa jirani pajani, tumelipa. Baba yake anataka kuuchoma moto. Nifanyeje? — Mama wa Kisasa

Marahaba mama, pole sana na pole kwa mbuzi. Msiuchome. Msumari ndo utoke leo hii, na mshale wowote wenye ncha kali ukae kwa mtu mzima. Mwekee kichwa butu, gunzi la muhindi au mpira wa kandambili uliokatwa duara na kufungwa vizuri, ingawa hata huo unaharibu jicho kwa hiyo siyo wa kumpiga mtu wala mnyama.

Mpeni sehemu. Gunia la salfeti lililoshindiliwa mifuko ya plastiki na nguo mbovu linazuia mshale vizuri sana, liwe mbele ya tuta la udongo, siyo mbele ya ukuta wa tofali maana mshale unarudi, na siyo mbele ya ua wa miti ambao nyuma yake kuna njia. Masharti ni haya na ayaseme yeye mwenyewe kwa mdomo kila siku kabla hajapewa upinde: hakuna kupiga juu hewani, hakuna kuweka mshale kama mtu yuko mbele ya mstari, hakuna kwenda kuokota mpaka wote wamemaliza, na hakuna kuvuta kamba tupu na kuiachia bila mshale, kwa sababu nguvu yote inarudi kwenye mti na upinde unaweza kupasuka usoni kwake. Akivunja sharti moja upinde unapumzika wiki.

Upinde wa mtoto wa umri huo uwe kilo 6 au 7, asihangaike nao. Na baba yake akae naye jioni moja wachonge pamoja, nadhani hasira itaisha.

Fundi mishale yangu yote inakwenda kushoto. Natumia mkono wa kulia kuvuta. Shabaha naiona vizuri tu. — Mpwapwa

Mishale yako ni migumu mno kwa upinde wako. Ukiachia kamba, mshale hauendi umenyooka, unajipinda kama nyoka unaupita upinde pembeni kisha unatulia, na lazima ujipinde kwa kiasi kinachofaa. Ukiwa mgumu haujipindi vya kutosha, unagonga ubavu wa upinde na kwenda kushoto kwa mtu wa mkono wa kulia. Ukiwa laini mno unakwenda kulia. Jaribu mshale mmoja usio na manyoya ukiwa umbali wa mita nane tu, uone unavyoingia. Kisha punguza unene wa uwano, yaani mti wa mshale, kwa msasa kidogo, au tumia mrefu zaidi, au weka kigumba kizito kidogo, vyote vinaulainisha. Usiufanye mwepesi mno lakini, upinde wa kilo 20 unataka mshale wa gramu 30 hivi, ukiwa mwepesi sana ni karibu sawa na kuachia kamba tupu.

Manyoya, chukua ya bata mzinga au kanga wa kufugwa, na kwenye mshale mmoja yote yatoke bawa la upande mmoja, yasichanganywe. Ya tai achana nayo, tai wanaisha na sheria inawalinda.

Naomba kujua sumu ya mishale inatengenezwaje. — Bila jina

Hapana, sitaandika. Kuwinda kwa sumu kumekatazwa na sheria. Naweza kukuambia tu kwamba mimea inayotumika kule Eyasi, waridi la jangwani na ule wa jamii ya strofanthasi, yote inapiga moyo, inavuruga mapigo mpaka unasimama, na haichagui swala na binadamu, mkwaruzo mmoja wa kidole unaweza kumaliza mtu. Na nyie mnaopanda waridi la jangwani kwenye vyungu barazani kwa sababu ya maua yake ya pinki, utomvu wake ndo huohuo, mtoto asiutafune na mbuzi asiufikie, na ukikata matawi nawa mikono. Mtu akipatwa mkimbizeni hospitali, msianze kumpa maziwa nyumbani.

Mimi ni mwalimu, wanafunzi wangu wameuliza kama kuna ushahidi kwamba watu wa Dodoma walitumia pinde zamani sana. — Mwalimu, Kondoa

Mwalimu, mnakaa juu yake! Wapelekeni Kolo, kaskazini ya mji wenu kwenye barabara kuu ya Babati, michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, kuna twiga, tembo, pofu, kuna matukio ya kuwinda. Mary Leakey alikaa kule miaka ya 1950 mwanzoni akinakili michoro hiyo. Anzieni ofisi ya mambo ya kale hapo Kolo mpewe mwongozaji, njia ya Mungomi wa Kolo ina kupanda kwa miguu kwa hiyo viatu na maji. Waambieni watoto wasiguse mwamba na wala wasimwagie maji eti rangi zing'ae, hilo limeshaharibu mengi. Na wenyeji bado wanafanya matambiko kwenye baadhi ya mapango, mkikuta vitu vimewekwa msivisogeze. Halafu mkirudi shuleni wape kazi wachore wanachokumbuka, waangalie mtu wa kwenye mwamba ameshikaje upinde wake, mkono gani, umefika wapi kimo chake.

Kamba gani inafaa? Naironi yangu inavutika kila nikipiga. — Hombolo

Acha naironi, kuvutika ndo tabia yake. Nunua uzi wa poliesta wa washona viatu, unganisha nyuzi mpaka kamba nzima iweze kubeba mara nne ya uzito wa upinde wako, upinde wa kilo 15 kamba ibebe kilo 60. Isokote, ipake nta ya nyuki, na nta kwetu haina shida, wauza asali wa Singida wanayo. Ukiifunga, kati ya kamba na kishikio iwe ngumi na dole gumba limesimama, kama sentimita 15. Ukimaliza kupiga ivue, upinde usilale na kamba.